Chuma cha Melkiori Kiko Ukutani

Domitila,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa: uko chumba cha pili, unakunja nguo, unazikunjua, unazikunja tena, na kila ukizunguka kitanda ule mguu wako wa kushoto unagonga sakafu kwa mlio wake. Kesho asubuhi utapanda gari. Pale Lusahunga mtapangwa nyuma ya malori mkisubiri polisi wa kuwasindikiza kwenye pori la Biharamulo, na ikifika jioni utakuwa mbali nami kuliko siku yoyote ya maisha yako. Mambo ya kula, ya kuvaa, ya wanaume na ya mahali pa kuficha nauli, mama yako ameyamaliza. Ameyasema mara tatu, na ya nne anakuja nayo akishamaliza kukaanga karanga zako. Mimi sina la kuongeza huko.

Mimi nina jambo moja tu, nalo si zuri. Kaa chini ulisome.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula ndizi na maharage, ukaja na kile kitabu alichokuazima mwalimu wako wa fizikia. "Baba, sikia hii! Kuna chuma kinachokumbuka!" Ukasoma kwamba wanachanganya nikeli na titani, wanapata chuma ambacho ukikipinda kinabaki kimepinda, lakini ukikipasha joto kinarudi chenyewe kwenye umbo lake la kwanza. Ukasema huko Ulaya wameanza kukifunga kwenye kuta za makanisa ya zamani, katika nchi zenye matetemeko, na kwamba kuna wahandisi wanaojaribu kukitia ndani ya nguzo za madaraja, ili ardhi ikitikisika na nguzo ikalala upande, chuma kiivute irudi wima. "Nguzo inarudi yenyewe, Baba! Ndicho ninachotaka kwenda kusoma." Macho yalikuwa yanakung'aa. Nikaweka tonge chini, nikatoka nje. Mama yako akakwambia ni tumbo.

Tumbo halikuwa na neno. Chuma hicho ninakijua, Domitila. Nilikiona kwa macho yangu wewe ukiwa bado na meno ya utoto, na ujinga nilioufanya baada ya kukiona ndio uliomlaza Anastazia kaburini, ukakufupisha mguu, na ukammaliza Melkiori.

Naam, Melkiori. Najua nikilitaja jina hilo unataka kutema mate. Ndilo uliloliandika kwenye maombi yako ya ufadhili, pale ulipoeleza kwa nini unataka uhandisi: "Fundi mkimbizi asiyejua kazi alijenga jukwaa la tangi shuleni kwetu, likaanguka, likamuua rafiki yangu." Uliniletea nitie sahihi kama mzazi. Nikaisoma yote, mpaka mwisho, nikatia sahihi.

Melkiori hakuua mtu. Jukwaa lile nililiua mimi kabla halijasimama. Usianze kulia, bado sijaanza kueleza.

Mwaka ule Wanyarwanda walipovuka Rusumo, vilima vyetu vyote viligeuka maturubai na moshi. Ulikuwa mdogo, unakumbuka labda harufu tu. Kambini walihitaji maji, na maji yanahitaji matangi, na matangi yanahitaji zege chini yake. Nikapata kibarua cha kufunga nondo. Mhandisi wetu alikuwa mzungu mmoja mrefu, mpole, tuliyemwita Bwana Miwani, kwa sababu ya mambo ya miwani yake. Siku moja kibarua mwenzetu aliikanyaga. Wote tukashika vichwa: haya, kazi imekwisha, tunafukuzwa! Bwana Miwani akacheka, akaiokota, fremu imepinda kabisa, akaifumbata mkononi ikapata joto, ikanyooka yenyewe. Akaivaa. Watu wakarudi nyuma, mwingine akafanya ishara ya msalaba.

Alipoona tumeshangaa, kesho yake akaleta kipande cha waya kirefu kama kidole. Akanipa mimi nikizungushe nitakavyo. Nikakikunja kama mkia wa mjusi. Akakitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai ya moto. Loo! Kilijinyoosha ndani ya chai kama kitu chenye uhai, kikasimama sawa kikigonga ukingo wa kikombe. Nilikunja tena, kikanyooka tena. Nilikunja mara kumi, chai ikapoa, akaagiza nyingine.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu angeweza kujificha na mimi sitaki kujificha. Bwana Miwani alituambia, na karani akatafsiri kwa Kiswahili safi: "Hiki ni chuma cha aina yake, kina madini yake. Hizi nondo zenu si hiki. Nondo ikipinda imepinda. Msije mkajaribu." Nilisikia. Sikusikia vibaya wala nusu. Nilisikia neno kwa neno, na nikasema moyoni: hawa wanatuficha. Chuma ni chuma tu. Wanatuonyesha uchawi kisha wanatwambia sisi wetu hauwezi.

Na nilikuwa na kiburi kingine cha kurithi. Babu yangu alikuwa mhunzi wa majembe. Nilimwona utotoni akilitoa jembe motoni likiwa jekundu, akalichovya kwenye maji, likapiga kelele, na kuanzia hapo lilikuwa gumu, linakata mizizi bila kukunjika. Basi nikaunganisha. Waya wa Bwana Miwani unarudi kwa joto, jembe la babu linakuwa gumu kwa maji. Nikajiona nimegundua kitu ambacho mzungu mwenyewe hakutaka tukijue. Hakuna mtu hatari kama fundi aliyeona kitu kimoja kweli akamalizia vingine kwa kichwa chake. Mimi ndiye mtu huyo.

Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Kambi ikabaki mahame, na ndani yake misingi ya maghala na sakafu za matangi. Watu wa kwetu, na wengine kutoka Keza, wakaenda na nyundo, wakavunja zege, wakatoa nondo. Zilitoka zimepinda kama kucha za kuku, nyingine zile za zamani zilizosokotwa kama kamba. Nani angezinunua? Mimi nikasema, leteni. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikaweka mkaa na mvukuto wa babu. Nondo ikiwa nyekundu naipiga inanyooka, halafu naimwagia maji ya ndoo. Ikipoa ni ngumu, huwezi kuipinda hata ukiikalia. Watu wakaja kutazama. "Zinakumbuka," nikawaambia, "chuma kikipata moto kinakumbuka kilivyokuwa." Hapo ndipo nilipopewa jina la Daktari wa Nondo. Ulilipenda sana jina hilo, ulikuwa unajitambulisha njiani: mimi mtoto wa daktari.

Melkiori nilimchukua wakati huo. Alikuwa Mrundi wa ile kambi nyingine iliyobaki, mtu mfupi, mkimya, mwenye mke aitwaye Sesilia na watoto wawili. Huko Bujumbura alikuwa amefunga nondo za majumba kwa miaka mingi. Alikuja na chuma chake cha kukunjia, kile alichokifua mwenyewe kwa kipande cha ekseli ya lori, kina urefu wa mkono na mwisho wake meno mawili ya kuishika nondo. Kwa chuma hicho alikuwa anakunja ringi mia, zile pete za kubana nondo za nguzo, bila kupima, na zote zinalingana. Nilimpenda kwa kazi yake, na kwa kazi hiyo hiyo nikamchukia. Watu walipopita walikuwa wanasimama kumtazama yeye.

Shule yenu ikataka jukwaa la tangi la maji ya mvua. Kamati ikanipa mimi, kwa nondo zangu za kufufua. Nikazipasha wiki nzima. Siku ya kuzifunga, Melkiori akachukua kipande kilichobaki, akakiweka juu ya mawe mawili, akakipiga nyundo mara moja. Kikakatika kama muhogo mkavu. Hakikupinda hata kidogo.

Akaniletea vile vipande viwili. "Patroni," akasema, ndivyo alivyozoea kumwita bosi, kwa ile sauti yake ya chini, "hizi zimekufa. Moto umekula nguvu yao, na maji yamezifanya kama chupa. Nondo nzuri inapinda kwanza, inawaambia watu kimbieni. Hizi hazitasema kitu."

Vibarua wanne walikuwa wanasikia. Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Nchi yako imekushinda kuikalia, leo unataka kunifundisha kujenga kwangu? Rudi kwenye kokoto." Vibarua wakacheka. Melkiori akarudi kwenye kokoto, na mchana nikamwachia kazi ya kuzifunga, mimi nikaenda kilabuni. Vile vipande nikavitupa chooni.

Unajua kitu gani kinanitesa? Niliamini. Si kwamba sikuamini. Nilipoviona vimekatika vile nilijua anasema kweli, tumboni nilijua, na ndiyo sababu nilivitupa mahali ambapo hakuna mtu angevitafuta. Angeniambia mwenyekiti wa kijiji, ningesimamisha kazi. Angeniambia padri, ningesimamisha. Bwana Miwani angekuwa bado yupo, ningebeba nondo zote kwa kichwa nikazitupe mtoni. Aliniambia mkimbizi, mbele ya vibarua wangu, na alikuwa na haki. Haki yake ndiyo iliyoniuma kuliko kosa langu.

Vuli ilipita, tangi likiwa nusu, kila mtu akanipongeza. Masika yakaja, tangi likajaa. Asubuhi ile nilikuwa kilabuni Bukiriro, nakunywa rubisi kwenye mrija, mtu mmoja ananieleza habari za kumjengea baraza. Tukasikia mshindo, halafu kimya, halafu watoto.

Nilikimbia. Mwalimu alikuwa ameshawatoa waliokuwa pembeni. Anastazia alikuwa katikati, ameshakufa; huyo sikumwangalia mara mbili. Wewe ulikuwa ukingoni, umelala kifudifudi kwenye maji yanayotiririka, mguu chini ya zege, na dumu lako bado mkononi. Uliniona. Ukasema, "Baba." Si kwa kupiga kelele, kwa sauti ya kawaida, kama unaniita chakula kiko tayari.

Domitila, kabla ya kukushika, niliangalia nondo.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine na kuichana. Sasa imekaa. Niliangalia nondo kwanza. Zilikuwa zimekatika zote sawasawa, hakuna hata moja iliyopinda, na ncha zake zinang'aa chembechembe kama chumvi ya mawe. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya chuma angeziona angejua. Nikachota tope kwa viganja viwili nikazipaka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukaniita tena. Ndipo nikaja kwako.

Umekuwa ukiwasimulia watu kwamba baba yako alilinyanyua zege peke yake kukutoa. Ni kweli nililinyanyua. Hujui tu nilikuwa nafanya nini kabla ya hapo.

Jioni ile kulikuwa na mkutano uwanjani pa shule, wewe ukiwa hospitali na mama yako. Kila mtu alikuwa na jembe, fimbo au panga. Wakauliza nani alifunga nondo. Swali lenyewe hilo, wala hawakuuliza nani alizipika! Nikasema, "Aliyezifunga ni Melkiori. Mimi nilimwachia, sikuwepo." Kila neno lilikuwa kweli. Ndivyo wanavyodanganya watu wenye akili, na mimi akili ninayo, umeirithi kwangu.

Sungusungu wakamleta. Hakukimbia. Angeweza kukimbia mchana kutwa, kambi haikuwa mbali, lakini alibaki shuleni akiondoa zege, akitafuta kama kuna mtoto mwingine chini. Walimleta na vumbi la zege kichwani. Akanitazama, akasema, "Patroni, waambie."

Nikatazama chini.

Baba yake Anastazia akanipa fimbo. Akasema, "Na wewe mwanao yuko hospitali. Anza wewe." Watu wote wananitazama, naye Melkiori ananitazama. Nikaanza mimi. Sikupiga kidogo ili ionekane tu. Nilimpiga mdomoni, mdomo ule ule ulioniambia nondo zimekufa. Baada yangu walikuja wote. Walipochoka wakampakia kwenye lori la mchanga, wakamshusha mpakani Kobero kama gunia. Nikaenda nyumbani, nikala. Sikuwa na njaa, nilikula ili nionekane na majirani nikila.

Umeuliza mara nyingi kwa nini siku moja nilikupiga kofi ukiwa na plasta mguuni. Ulikuwa na miaka minane, hukuwa umefanya kosa lolote, na tangu hapo hukulielewa kofi lile. Nitakueleza. Alikuja Sesilia, mke wake, na mtoto mgongoni. Akasimama pale mlangoni, akasema, "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba. Hakuja kugombana. Alisema tu kwamba mume wake ametuma neno kwa watu wanaovuka, yuko upande wa pili, ameumia, lakini akipona atahitaji chuma chake cha kukunjia ili apate kazi. Alikiacha kwetu. Je, kipo?

Nikasema, "Hakipo. Kimepotea siku ile ya fujo."

Kilikuwa kimening'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa changu. Na wewe, umekaa kwenye mkeka, ukanyoosha kidole, ukasema kwa furaha ya mtoto aliyesaidia: "Baba, si kile pale ukutani?"

Ndipo nikakupiga. Sesilia alikitazama chuma, akakutazama wewe, akanitazama mimi. Akasema, "Asante, mzee," akaondoka. Alisema asante! Kesho yake asubuhi ulijivuta na plasta yako mpaka nilipokuwa nimekaa, shavu limevimba, ukaniambia shikamoo kama siku zote. Hujawahi kunikosesha shikamoo hata siku moja. Afadhali ungenikosesha.

Na sitaki ujione malaika katika habari hii. Nimekulea kwenye uongo wangu, umenenepa nao. Mwaka jana gulioni ulimwambia yule mama Mrundi muuza vyungu, "Rudini kwenu, wauaji wakubwa." Ulikuwa na akili timamu, si mtoto. Mama wa watu akainama akaendelea kupanga vyungu vyake. Ukanigeukia kuona kama nimefurahi, nami nikatabasamu. Kama unaumia kulisoma hili, basi ndiyo, uumie. Mimi nimeumia peke yangu vya kutosha na sijawa mtu bora kwa ajili hiyo.

Nimejiuliza kwa nini nakwambia leo, si mwaka jana, si mwaka kesho. Mama yako anajua. Alijua tangu siku ile, alikuta tope limekauka mikononi mwangu mpaka kwenye viwiko, na nguo zako zilikuwa za damu na maji tu. Hajawahi kunisema. Lakini ile siku ya kitabu, ulipolala, alisema, "Anakwenda kusoma kwa ajili ya jina la mtu asiye na kosa. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi siku tukikuzika." Halafu akaendelea kuchambua maharage.

Na kuna hili pia. Mwezi uliopita wakimbizi wa Burundi walipoanza kurudishwa, nilikwenda kambini. Nilikwambia nakwenda kutafuta mabati ya bei nafuu. Nilikuwa nimekifunga chuma cha Melkiori kwenye gunia. Nilimkuta Sesilia kwenye foleni ya malori, amezeeka, na yule mtoto wa mgongoni sasa ni kijana anayebeba godoro. Nikafungua gunia. Nikamwambia, "Nimekuletea."

Alikitazama muda mrefu. Akasema, "Mwenyewe alishakufa, mzee. Hakumaliza hata mwezi. Alikuwa anatapika damu." Alisema bila hasira, kama mtu anayejibu saa ngapi.

Nikasema mpe kijana. Akakataa, kijana anataka kuwa dereva. Mwenye orodha akaita jina lake, akajitwika mzigo, kisha akageuka. "Mpe binti yako," akasema. "Yule ndiye aliyesema kiko wapi."

Basi. Ndiyo hayo.

Sitakwambia usiende. Nenda. Kisome hicho chuma chako cha nikeli na titani mpaka ukijue kuliko Bwana Miwani. Umenisomea kwamba chuma hicho hakizaliwi na kumbukumbu, kwamba wanakishika katika umbo wanalotaka, wanakipasha moto mkali, na umbo hilo ndilo kitakalorudia maisha yake yote. Sawa. Nondo zangu mimi hazikukumbuka kitu. Na siku moja utakuwa na kofia ngumu kichwani na karatasi kubwa mkononi, na kibarua asiye na cheti, mwenye Kiswahili kibovu, mtu wa kabila unalolidharau, atakuja mbele ya watu wako na vipande viwili mkononi. Hasira itakupanda. Mimi naijua hasira hiyo, ina joto lake hapa shingoni. Sijui utafanya nini. Nisingependa kukudanganya kwamba damu yangu itakusaidia.

Maombi yako yale yameshapita, ufadhili umeshaupata kwa jina la Melkiori. Ukitaka kuwaandikia ukweli, waandikie, weka na jina langu, nitatia sahihi kama nilivyotia ya kwanza. Kwa baba yake Anastazia nitakwenda mwenyewe Jumapili baada ya misa, au nitashindwa tena. Nimeshindwa Jumapili nyingi, kwa hiyo usiniamini mpaka usikie kwa watu.

Jua linazama nyuma ya migomba, mama yako ananiita nije nifunge kamba ya begi lako. Nitaiweka barua hii juu ya nguo, mahali ambapo utaiona kabla hujatoka, si baada ya kufika. Ningetaka uisome ukishakuwa mbali, ingekuwa rahisi kwangu, na kwa sababu hiyo sikufanya hivyo. Chuma chake kiko ukutani, kwenye msumari ule ule. Ukikichukua ni chako, ni kizito, kitakusumbua njiani. Ukikiacha sitauliza.

Asubuhi nitakuwa nimekaa nje mlangoni, pale unaponiamkia kila siku. Ukipita bila neno, nitanyamaza, sitakuita, na nitamkataza mama yako asikuite.

Lakini tafadhali, mwanangu, kesho usije ukaniambia shikamoo kwa mazoea.

Baba yako